Harambee ya Kompyuta ya Klabu ya Kemia, Tanga

Ndugu wazazi, wahitimu wetu na wana-Tanga popote mlipo, salaam nyingi.

Vijana wetu wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wanaomba kompyuta moja, na si ya kuchapia barua. Wanataka kukokotoa jinsi oksijeni inavyoshikana na atomu moja tu ya chuma.

Seli inayokutanisha haidrojeni na oksijeni hutoa umeme, na kinachobaki ni maji. Kikwazo ni oksijeni. Ni mvivu, maana kila molekuli yake lazima ipokee elektroni nne. Kichocheo kinachoiamsha vizuri ni platini; bei yake waulizeni masonara. Tena ndani ya chembe ya platini atomu nyingi zimefunikwa na wenzao, zinakaa bure. Ndiyo maana watafiti wakaanza kuzitawanya moja moja. Mwaka 2011 Zhang Tao na wenzake nchini China walifanya hivyo juu ya oksidi ya chuma. Siku hizi wengi wanajaribu atomu ya chuma iliyoshikwa na nitrojeni nne katika utando wa kaboni, mpangilio unaofanana na ule unaobeba oksijeni kwenye damu yetu. Chuma ni cha bei rahisi, ila ndani ya asidi hakidumu kama platini. Kazi bado ipo.

Na sehemu kubwa ya kazi hiyo haidai maabara. Oksijeni ikishikwa mno, haiachiwi. Ikishikwa kidogo, haivunjiki. Mshiko huo hukokotolewa kwa njia waliyoiasisi Walter Kohn na wenzake mwaka 1964 na 1965 (mwanafizikia huyo alipewa Nobel ya Kemia 1998, vijana wanalipenda sana hilo). Programu ya kufanyia hesabu hiyo, Quantum ESPRESSO, ni ya bure.

Tulichonacho ni laptopu ya mwalimu, imeinuliwa kwa madaftari mawili, feni ikiipuliza kwa chini. Joto la Tanga mnalijua. Umeme ukikatika usiku, hesabu inaishia hapo. Hatuahidi uvumbuzi. Tunaahidi kwamba mtoto wa Makorora ataingia chuo kikuu akiwa ameshaishika kazi hii.

Zinahitajika shilingi milioni 7.5: kompyuta ya mezani yenye prosesa ya kore 16 na RAM ya GB 64, pamoja na UPS, kifaa cha kuiwezesha kompyuta kuendelea umeme ukikatika. Wazazi wameshatoa milioni 2.1. Mwenye UPS nzima isiyotumika ailete, tutapunguza bajeti.

Tukutane bwaloni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Michango ya mapema apewe mhasibu wa shule, na mdai risiti. Pilau ya akina mama wa kamati ipo, ila mchango kwanza.