Kabla hatujakufungia shokapu za spoti hapa Kigoma, tunazipima kwanza

Wenye Subaru, Altezza na Mark X hapa mjini mmekuwa mnatuuliza sana, mbona mkituletea koiliova (shokapu na springi yake pamoja, unarekebisha kimo kwa ringi) au springi za kushushia gari hatuzifungi hapohapo, tunazishikilia kwanza? Kuna wanaodhani tunavuta muda ili bei ipande. Hapana ndugu zetu, ngoja tuwaeleze kinachofanyika, maana hizi spea sio rahisi na mtu anajinyima miezi kadhaa ndo anazipata, alafu ndani ya muda mfupi gari linaanza kugonga kokoko upande wa mbele.

Watu wengi wanaamini shokapu inauawa na shimo kubwa. Shimo kubwa linaweza kupinda rimu au kuvunja boli jointi, sawa, ila shokapu, springi na bushi nyingi (vile vipande laini vya kwenye maungio ya chuma) zinakufa kwa kurudiarudia. Chukua waya, ukiukunja mara moja haukatiki, ukunje huku na huku mara nyingi sehemu ileile uone. Sasa kwenye lami ya kwenda Kasulu hakuna tabu, ila ukiiacha lami ukaingia barabara ya vumbi ya kwenda vijijini unakutana na yale mawimbi madogo madogo yaliyojipanga. Tuseme yapo kila mita moja, basi kilomita moja tu tairi limepanda na kushuka mara 1,000, kilomita 100 ni mara 100,000, na ukiwa spidi 60 hiyo ni karibu mara 17 kila sekunde. Hakuna shimo linalofanya kazi hiyo.

Ndo maana kampuni zinazojiheshimu, KYB na Tein za Japani, Bilstein ya Ujerumani, hawaishii kuangalia shokapu kama imenyooka. Wanaifunga kwenye mashine inayoipampu juu chini na kupima inakaza kwa nguvu kiasi gani kwenye kila spidi, wanaichosha, alafu wanaipima tena waone imelegea kiasi gani. Springi nayo inakandamizwa mpaka mwisho ili kama ni ya kujishusha ijishushe kiwandani isije kujishushia kwenye gari lako. Kuna na kipimo cha kutu, chuma kinawekwa kwenye chumba chenye joto la nyuzi 35 kinapuliziwa maji yenye chumvi asilimia 5 kwa masaa mengi mfululizo. Msione hicho cha chumvi hakituhusu eti kwa sababu Ziwa Tanganyika ni maji baridi, gari linalobeba chumvi ya Uvinza bila turubai chini kunaliwa vibaya sana, na zile spea za mtumba zilizotoka Hokkaido zimetembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kipindi cha theluji, ukisugua rangi tu unakuta kutu imeshatoboa kikombe cha springi.

Sisi mashine kama hizo hatuna, gereji yetu ni ya kawaida hapa Mwanga. Ila yapo mengi yanayopimika kwa mikono, jeki na uvumilivu.

Shokapu ikifika tunaisimamisha, hatuipimi ikiwa imelala. Zile za tyubu mbili zikilazwa kwenye boksi safari yote kutoka Dar hewa inaingia sehemu ya oili, kwa iyo inabidi uipampu imesimama mara kadhaa mpaka ikaze sawasawa mwanzo hadi mwisho. Baada ya hapo ikiwa bado kuna sehemu mkono unadondoka bila kizuizi, hiyo haifungwi. Alafu tunaivuta nondo yake, kile chuma kinachoingia na kutoka, mpaka mwisho tunaipitishia kitambaa cheupe. Kitambaa kikilowa oili nyingi, sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, imeshachoka hata kama boksi lina stika inayong'aa. Tunapitisha na ukucha taratibu kwenye ile nondo, ukucha ukikwama popote, hata kidogo, basi.

Hapo kwenye nondo naomba mnisikilize vizuri. Kuna kaka mmoja aliletwa na rafiki yake, ana Impreza, koiliova mpya kabisa, mbele kulia inavuja na gari linayumba kwenye kona za kushuka Ujiji. Tulipoifungua tukakuta meno ya plaizi kwenye nondo. Aliyeifunga, huko alikotoka, alitaka kukaza nati ya juu, nondo ikawa inazunguka nayo, akaibana na plaizi. Kile kimkwaruzo kila kikipita kwenye sili kinakata mpira kidogo, na kwa yale mahesabu ya mara 1,000 kwa kilomita, sili haiwezi kupona. Nondo ina sehemu yake ya kushikia juu kabisa, ni ya elenki au spana ndogo, plaizi haitakiwi kugusa hapo. Ukikuta fundi ameishika nayo, mwambie aache hata kama ni mjomba wako.

Springi tunazipima urefu zote nne zikiwa hazina mzigo, tunaandika, tunazikandamiza kwenye presi tunaziacha zimebanwa usiku mzima, asubuhi tunapima tena. Ikipungua urefu wakati mwenzake haijapungua, gari lako litainama upande mmoja. Na mkisikia mtu anasema springi ya 8K, maana yake inahitaji kilo 8 kuishusha milimita moja, ni ngumu sana kwa gari la kwenda kazini na kubeba familia. Ugumu sio uimara, tafadhali. Springi ngumu inapeleka kipigo kwenye mauntingi (pale shokapu inaposhikia bodi), boli jointi na mpaka bodi, kwa iyo ulichookoa huku unakilipa kule.

Bushi ndo tunabishana sana na vijana. Hizi za poliurethani za rangi nyekundu na bluu ni nzuri kwenye mashindano ya magari, gari linakamata kona, hilo hatukatai. Ila bushi ya mpira ya kawaida imegandishwa kwenye chuma chake, wishboni (mkono wa chuma unaoshika tairi) ikipanda mpira wenyewe ndo unajinyonga na kurudi, hakuna kinachosuguana. Ya poli inazunguka juu ya bomba lake na inaishi kwa grisi, na vumbi letu jekundu likishaingia kwenye ile grisi inakuwa inasaga kila ukitembea, kwanza inalia kwikwi, baadaye inachezacheza. Piloboli, jointi ya kitufe cha chuma badala ya bushi, ni mbaya zaidi, chuma kwa chuma, imewekwa kwa ajili ya magari yanayofunguliwa na kukaguliwa kila baada ya mashindano. Ushauri wetu, poli weka kwenye stabilaiza tu (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona), kwingine bakia na mpira mzuri. Na hiyo ya mpira bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Ukikaza likiwa juu ya jeki, ukilishusha mpira unakuwa tayari umenyongwa, unachanika mapema alafu lawama inaenda kwa aliyeuza spea.

Tukishafunga tunatoka na gari, lami kidogo na rafu rodi ya kutosha, tukirudi tunapima joto la shokapu zote nne kwa ile thamometa ya kuelekezea. Kazi ya shokapu ni kugeuza mrusho kuwa joto, kwa iyo iliyofanya kazi lazima ipate moto. Mbele kulia na kushoto zinatakiwa zikaribiane, na nyuma hivyohivyo. Moja ikiwa ya baridi wakati mwenzake inaunguza, hiyo ya baridi ndo mgonjwa, na hili huwezi kuliona kwa kukandamiza boneti kama wengi mnavyofanya, boneti inakuonyesha shokapu iliyokwisha kabisa tu.

Kushusha gari tunashusha, ila zaidi ya sentimita 3 kwa barabara zetu tutakukatalia, sababu shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kushuka, inakaa inapiga ule mpira wa mwisho kila saa. Na kama ni koiliova, zile ringi za kuzungusha zipakwe grisi na zivishwe kava, la sivyo vumbi na kutu zikishashikana utakuja kuzikata na grainda.

Mkileta gari leteni asubuhi likiwa halijatembea sana, buti tupu, matairi yana upepo sawa. Spea za zamani msizitupe, tunazihitaji kulinganisha urefu na mara nyingi zinatuonyesha gari lako linaumia wapi. Kila bolti tuliyokaza tunaipiga mstari wa rangi, ukishatembea kama kilomita 1,000 rudi tuangalie mistari imehama au la, hiyo hatuchaji.