Mwambie Sefu siishi shamba

Dada Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, hofu ni kwenu. Pesa ya mabati nimeituma jana kwenye namba ya Mama, laki nne. Fundi asipewe zote mpaka amalize, unamjua alivyo. Hilo limekwisha.

Sasa nije kwenye lililonikera. Ile sauti uliyonirekodia arusini nimeisikiliza yote. Kumbe Sefu kapewa kipaza sauti akatamba kuwa yeye yuko Atlanta, Marekani yenyewe, na mimi nimejichimbia shamba, Charlotte, mji wa kubadilishia ndege. Na nyie mkacheka! Hata Baba Mdogo, kikohozi chake nakijua.

Sikiliza. Charlotte ndio mji mkubwa kuliko yote North Carolina. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 874,579, na Atlanta yenyewe, ukiishia kwenye mipaka ya mji, haikufika hata laki tano. Sefu atakuletea habari za vitongoji, muache aseme peke yake. Makao makuu ya Bank of America yako huku, jengo la ghorofa 60, limesimama tangu 1992. Nikitoka zamu ya usiku nalipita, kichwa juu.

Hili lako tu, Sefu asilipate: mwaka 2014 watafiti wa vyuo vya Harvard na Berkeley waliipanga miji mikubwa 50 kwa nafasi aliyonayo mtoto wa maskini kufika juu. Sisi tulikuwa wa 50. Hela ya mabenki iko, lakini ina wenyewe.

Ubaya wa mji huu ni kwamba hauna sifa ya kusimulia. Ukitaja Atlanta, watu wanamkumbuka Martin Luther King na Olimpiki ya 1996. Nashville ina muziki. Charlotte ina benki, na nani ataiimbia benki taarabu? Wengi wanaujua uwanja wa ndege tu: wanashuka, wanakaa kwenye vile viti vyeupe vya kubembea, wanakunywa kahawa, wanapanda nyingine. Juzi mama mmoja kanishika mkono kazini, kaniuliza hapa Charleston ndege ya Tampa iko mlango gani. Charleston iko jimbo jingine kabisa, tena pwani. Nikamwonyesha mlango, mji nikamwachia. Sisi bahari tunaifuata saa tatu na zaidi kwa gari, na nikifika upepo wake haunuki kama wa Raskazoni, pwani ya kwetu Tanga.

Hata wakaaji wenyewe hawaelewani. Wazee wanasema huu ni mji wa Kusini, wageni waliomiminika kutoka New York na Ohio wanauliza Kusini gani. Na ukitaka kuonyeshwa mji wa zamani, sehemu kubwa ilishavunjwa. Palikuwa na mtaa wa Weusi katikati kabisa, ukiitwa Brooklyn, wenye makanisa, shule na maduka yao. Miaka ya 1960 serikali ya mji ikaupitishia tingatinga, eti maendeleo. Mzee mmoja tunayefanya naye kazi alinipeleka. Kanisa la Grace bado lipo, la matofali, na jengo moja ubavuni mwake. Kwingine alikuwa ananionyesha lami kwa kidole: hapa kinyozi, pale kwa bibi yangu. Na mimi nikaanza kumtajia Barabara ya 12, nyumba kwa nyumba, kwa muuza kahawa, kwa Bi Tatu, mpaka msikitini. Alinisikiliza mpaka mwisho, masikini, wala Tanga haijui.

Kwa hiyo la nyumba ya babu jibu langu ndilo lile lile. Sefu na huyo tajiri wake wa ghorofa watafute kiwanja kwingine. Sitii saini. Mwaka jana mlisema mnakarabati baraza, leo mnataka kuibomoa? Hati ikae sandukuni kwa Mama, ufunguo uwe nao wewe, na Baba Mdogo asiuone.

Sefu akitaka kubishana anipigie, namba anayo. Na akipita tena hapa kubadili ndege, kama alivyopita mara ile bila hata salamu, asitegemee pilau.

Mbusu Mama mikono. Mwambie dawa ya miguu inakuja na mtoto wa Mzee Kombo.

Mdogo wako,
Athumani