Kabla hujalipa ile ada

Zuhura mpenzi,

Habari za Dodoma, na mama anaendeleaje na mguu? Huku sote wazima. Kondo anakusalimu, anataka kitabu chake. Naandika mbiombio kwa sababu Bi Mwanaidi kaniambia Ijumaa unalipia kozi ya kusoma kwa kasi, ile ya maneno 1,000 kwa dakika. Shoga yangu, nakuomba usilipe kwanza.

Biashara hiyo ni ya zamani. Evelyn Wood alianza kuuza kozi zake Marekani mwaka 1959. Wanaahidi kuyafundisha macho, lakini kazi kubwa haiko machoni. Jicho huruka na kutua, kila kituo kama robo sekunde, na linapotua huona sawasawa herufi chache tu. Kinachochukua muda ni akili kulitambua neno na kuliunga na yaliyotangulia. Keith Rayner, mwanasaikolojia aliyechunguza usomaji, na wenzake walipitia tafiti za miaka mingi, ripoti yao ikatoka 2016: kasi ikizidi sana, uelewa unashuka. Mtu mzima anayesoma Kiingereza huenda maneno kama 240 kwa dakika. Kiswahili utapata namba ndogo zaidi, usishtuke, maneno yetu yamebeba mengi.

Watakuambia usirudi nyuma. Wewe unasoma sheria! "Mdhamini hatawajibika" na "mdhamini atawajibika" zinatengana kwa herufi moja, na "isipokuwa" hujificha mwisho wa kifungu. Jicho likirudi hapo, liache, linarekebisha. Zile programu za simu zinazorusha neno moja moja zinakunyima nafasi hiyo hiyo. Watakuambia pia uzime sauti ya ndani, ile inayotamka maneno kichwani. Kwenye maandishi magumu sauti hiyo ndiyo inayokushikia mwanzo wa sentensi mpaka ufike mwisho wake.

Kama unataka kujua uko wapi, jipime bure. Hesabu maneno ya mistari 10, gawa kwa 10, zidisha kwa idadi ya mistari utakayosoma. Soma kurasa tatu usizowahi kuziona, weka saa, kisha funga kitabu. Gawa maneno kwa dakika ulizotumia, hiyo ndiyo kasi yako. Mwenzako akuulize maswali manane aliyoyaandaa yeye. Ukijitungia mwenyewe utauliza unachokumbuka tu. Ukipata chini ya sita, hiyo kasi usiihesabu. Rudia kwa kitabu cha aina ile ile, maana hadithi na Sheria ya Ushahidi hazilingani.

Kasi ya kweli huongezeka polepole, kwa msamiati na kwa kuijua mada. Kesi ya ishirini ya mikataba husomeka upesi kuliko ya kwanza. Kupitia juujuu nako ni ufundi, jifunze: anza na vichwa vya habari, aya ya kwanza na uamuzi wa mwisho, halafu chagua aya za kusoma neno kwa neno. Ila ujue hapo umeruka, hujasoma. Wanaouza kozi huchanganya hayo mawili, na hilo ndilo linaloniudhi, maana pesa yenyewe ni ya ada yako ya muhula.

Sasa niambie: ni kurasa ngapi hasa zinakulemea kwa wiki? Unakwama kwenye Kiingereza chenyewe au kwenye hoja? Macho ulipimwa lini? Na hao watu, wanapima uelewa mwisho wa kozi au kasi tu? Umewauliza kama wanarudisha pesa?

Nijibu kabla ya Ijumaa.

Wako,
Rehema