Zaina, usisaini kwanza

Mwanangu Zaina,

Assalaam aleykum. Mama yako amenisomea ujumbe wako, na usiku huo sikupata usingizi. Kampuni ya majenereta inakupa mara 2 ya unachopata sasa, na inataka jibu Ijumaa. Haraka ya nini? Anayekutaka kweli hakukimbizi.

Nakuuliza: huko utashika nini? Umeandika "mhandisi wa mauzo". Mimi nimezeekea kwenye mota za korona, ile mashine ya kukamua mkonge, pale shambani, nikiwaona hao wa mauzo wanakuja na gari safi na vipeperushi. Mota ikiungua, wanatafuta fundi kama wewe. Leo unapima relei, kile kifaa kinachoiamuru breka ikate umeme kukiwa na hitilafu, kwenye kituo cha kupozea umeme: unaingiza mkondo, unatazama kama breka inakata kwa wakati au inachelewa. Ulieleza hadi mama yako akaelewa, na huyo akisikia neno waya tu anavaa kandambili. Ukiiacha kazi hiyo miaka 2, mikono inasahau, na relei zenyewe zinakuja za aina nyingine. Utarudi ufundishwe na hao unaowafundisha sasa.

Halafu kuna ule mpango wa mafunzo wa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Miaka 3 chini ya mhandisi aliyesajiliwa, umebakiza mwaka mmoja. Kwenye ripoti utaandika nini, kwamba umeuza jenereta ngapi?

Pesa sizichukii. Ila zisome. Hiyo mara 2 ni mshahara mtupu au wamejumlisha na kamisheni? Mwezi usio na mauzo, mwenye nyumba wa Tabata hatakupunguzia kodi. Na kila shilingi inayozidi 1,000,000 kwa mwezi inakatwa asilimia 30 ya PAYE, kodi ya mshahara, kwa hiyo mara 2 ya kwenye karatasi haifiki mara 2 mfukoni. Hesabu hizo unazijua kuliko mimi, lakini ukishatamani kitu huwa hupigi hesabu.

Na kama shida ni bosi wako anayekunyima safari za saiti, sema ni bosi. Usimfiche nyuma ya mshahara.

Kama ni zile pesa za mabati nilizokuomba wakati wa Ramadhani, zitoe kwenye hesabu yako. Mabati yatangoja. Sikupaswa hata kuzitaja siku ile una mtihani.

Waulize kama wana karakana. Wakikuweka kwenye paneli za kubadilishia umeme, ufunge, upime, uharibu na utengeneze, hapo nitanyamaza. Wakikupa gari na simu tu, narudi palepale: utashika nini? Nipigie picha mkataba, kurasa zote, kabla hujatia sahihi.

Mdogo wako amefaulu hesabu, Kiswahili kimemshinda, sijui kamrithi nani. Mchwa wamefika kwenye mlango wa stoo. Ukija, leta dawa ya maji. Ile ya unga kuku wanaidonoa.

Baba yako