Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Majina ya Walioshiriki Kwenye Wimbo

Ndugu wanachama, wazee wetu wa dansi na taarabu, vijana wa Bongo Fleva na singeli, watayarishaji, wapiga vyombo na watunzi wa mashairi,

Hesabu za fedha atazisoma Mweka Hazina, na shughuli za mwaka ataziwasilisha Katibu. Mimi nitasema jambo moja tu, lile lililoishughulisha zaidi Kamati ya Usuluhishi: nani ameandikwa kwenye wimbo, ameandikwa wapi, na kwa kazi gani. Mashauri yaliyoletwa mbele ya kamati yalikuwa na sura tofauti lakini mzizi mmoja. Wimbo ulitoka kwanza, mazungumzo ya majina na mgawo yakafuata baadaye, wakati wimbo umeshapendwa na kila mtu ana kumbukumbu yake ya kilichofanyika studio.

Tuanze na msingi, maana hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Wimbo mmoja hubeba haki za aina mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wake, ambao ungekuwepo hata kama usingerekodiwa kamwe. Na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku ile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inamlinda mtunzi kwa upande wa hakimiliki, na inawalinda mwimbaji na mpiga chombo kwa upande wa hakishiriki. Msanii aliyeshirikishwa akaandika ubeti wake mwenyewe yuko pande zote mbili. Lakini mara nyingi huandikwa upande mmoja tu: jina lake ni kubwa kwenye jalada, huku fomu ya usajili ya COSOTA, yaani ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ikimtaja mwenye wimbo kuwa mtunzi pekee. Mirabaha ya utunzi ikigawiwa, yeye hayumo.

Na hilo jina kwenye jalada lenyewe halileti fedha. Majukwaa kama Spotify na Boomplay humlipa msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo kwenye majukwaa, na msambazaji humlipa mwenye akaunti iliyopakia wimbo. Mfumo hauangalii nani ameshirikishwa ili umkatie chake. Aliyeshirikishwa hupata fungu la rekodi kwa njia mbili: mkataba wa maandishi na mwenye akaunti, au mgawo uliowekwa ndani ya akaunti ya msambazaji, pale msambazaji anapotoa huduma hiyo. Mnaokubaliana kwa kupeana mikono, jueni kwamba mmeacha kila kitu kwenye hisani ya mwenye akaunti.

Sasa fomu ya kupakia wimbo kwa msambazaji. Kila msanii mkuu awe na kisanduku chake. Mtu akiandika "Fulani na Fulani" kwenye kisanduku kimoja, mfumo huona msanii wa tatu ambaye hajawahi kuwepo, humfungulia ukurasa mpya usio na mfuasi hata mmoja, na wale wawili hawauoni wimbo kwenye kurasa zao. Kosa hili ni jepesi kulifanya, na hugharimu wiki ile ya kwanza ambayo wimbo unahitaji wasikilizaji kuliko wakati wowote.

Amueni mapema kama mgeni ni msanii mkuu wa pili au ni mshirikishwa. Tofauti yake si ya heshima peke yake. Kwenye Spotify, wimbo ambao mgeni ameshirikishwa hukaa chini kwenye ukurasa wake, katika fungu la nyimbo alizotokea. Akiwa msanii mkuu, wimbo unaingia kwenye orodha ya kazi zake mwenyewe. Ushauri wa kamati ni huu: mkigawana beti sawa kwa sawa, nyote ni wakuu. Akiimba kiitikio tu au ubeti mmoja, ni mshirikishwa. Neno "feat." huenda kwenye jina la wimbo, ndani ya mabano, kwa herufi ndogo na nukta mwishoni, na haliingii kamwe kwenye kisanduku cha jina la msanii. Wasambazaji wengine huliongeza wenyewe ukishachagua kazi ya mshirikishwa. Ukiliandika na wewe kwa mkono, linatokea mara mbili. Kwenye remiksi, msanii wa awali hubaki kuwa mkuu, na aliyeifanya remiksi huandikwa kwa kazi hiyo hiyo ya remiksi.

Majina yanayofanana nayo yametusumbua. Usitafute ukurasa wa mgeni wako kwa kubahatisha. Mwombe akutumie kiungo cha ukurasa wake wa kila jukwaa, ukibandike kwenye fomu. Bila hivyo wimbo unaweza kuangukia kwa mtu wa nchi nyingine mwenye jina lile lile, na kuuondoa huko huchukua siku nyingi.

Kwa bendi za dansi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu bendi zetu zimebadili majina. Bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 imepitia majina ya JUWATA na OTTU, na leo mashabiki wanaijua kama Msondo Ngoma. Rekodi iandikwe kwa jina lililotumika iliporekodiwa, na majina mengine yasajiliwe kama majina mbadala ya bendi hiyo hiyo. Vinginevyo, kazi za bendi moja hutawanyika kwenye kurasa nne.

Mgawo wa utunzi

Mazoea yaliyoenea ni kugawa nusu kwa maneno na nusu kwa muziki, kisha kila nusu igawanywe kwa waliohusika. Chukueni mfano huu. Mwenye wimbo ameandika beti mbili na kiitikio, mgeni ameandika ubeti mmoja, mtayarishaji ametunga biti na sauti ya kiitikio, na mpiga gitaa amebuni ule mpigo unaoutambulisha wimbo tangu sekunde ya kwanza. Maneno: mwenye wimbo 35, mgeni 15. Muziki: mtayarishaji 40, mpiga gitaa 10. Jumla 100. Si lazima mfuate namba hizi, ila jumla lazima iwe 100 kamili. Baadhi ya karatasi za mgawo tulizoziona zilikuwa na jumla ya 110, kwa sababu mwenye wimbo aliahidi kila mtu peke yake. Nyingine zilikuwa na 33 mara tatu, ambayo ni 99, na ile asilimia 1 haina mwenyewe. Andikeni 33.34, 33.33 na 33.33.

Mpiga gitaa wa mfano huo ndiye anayesahaulika kuliko wote. Aliyepiga alichoelekezwa ni mtu wa rekodi: alipwe kwa siku au kwa wimbo, na jina lake liandikwe pamoja na chombo chake. Aliyebuni mpigo ni mtunzi, hata kama hakuimba neno. Kwenye dansi, mtunzi huja mazoezini na maneno na sauti, kisha chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka, linazaliwa mikononi mwa mpiga solo na rizimu. Bendi iketi iamue, chemko lina fungu au halina, na iandike. Na mtu akilipwa kwa mkupuo, malipo hayo peke yake hayahamishi utunzi wake. Kuhamisha haki kunataka maandishi yenye sahihi.

Taarabu ina mgawanyo wake wa zamani na mzuri, tangu enzi za kikundi cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905: mmoja hutunga shairi, mwingine hulitia muziki, wa tatu huimba. Lakini hadhira huuita wimbo kwa jina la mwimbaji, na anayejaza fomu huandika hivyo hivyo kila mahali. Fomu zina nafasi ya maneno na nafasi ya muziki. Mshairi aingie ya kwanza, aliyetia muziki aingie ya pili, mwimbaji abaki kwenye rekodi. Wanachama wa Zanzibar wanasajili COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya huko, na utaratibu wa majina ni huo huo.

Watayarishaji wetu nao wasitegemee ile sauti yao inayosikika mwanzoni mwa biti. Msikilizaji anaitambua, lakini hakuna mfumo wa malipo unaoisoma.

Namba za utambulisho

Rekodi hupewa ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12: 5 za mwanzo za mtoaji, 2 za mwaka, 5 za rekodi yenyewe. Remiksi ni rekodi mpya, kwa hiyo ina ISRC mpya. Lakini singo ikiingizwa baadaye kwenye albamu bila kubadilishwa, itumie ISRC ile ile. Ukikubali namba mpya, wasikilizaji wa wimbo mmoja huhesabiwa mafungu mawili. Utunzi una namba yake, ISWC, inayoanza na herufi T, na mtunzi ana namba yake ya IPI. Kava mpya ya wimbo wa zamani ina ISRC mpya na ISWC ile ile, na mtunzi ni yule yule wa awali.

Jina likikosewa baada ya wimbo kutoka, mwombeni msambazaji arekebishe taarifa. Msiufute wimbo na kuupakia upya kwa haraka. Ikibidi, pakieni faili ile ile yenye urefu ule ule na ISRC ile ile, subirini ionekane, ndipo muondoe ya zamani.

Kwa wanaoona haya yote ni makaratasi tu: Fadhili William alirekodi "Malaika" mwanzoni mwa miaka ya 1960, Adam Salim akadai kuwa ndiye mtunzi, na wote wawili wameondoka duniani huku ubishi ukiendelea.

Maombi kwa Mkutano Mkuu

Kamati inaomba karatasi ya majina iwe sharti kwa kila rekodi inayofanywa na mwanachama. Ni ukurasa mmoja: jina la wimbo, studio na tarehe, kisha kwa kila mtu jina la kwenye kitambulisho cha NIDA, jina la kisanii kwa tahajia yake kamili, simu, namba ya COSOTA na ya IPI kama anazo, kazi aliyofanya, asilimia ya utunzi, makubaliano ya rekodi, na sahihi. Isainiwe kabla wimbo haujaenda kwenye mikisi, yaani kuchanganywa sauti. Nakala moja ibaki studio, moja ije ofisini, na picha yake itumwe kwenye kundi la WhatsApp la wahusika wote.

Inaomba pia wazee wenye rekodi za zamani watengewe siku moja kila mwezi ofisini, waketi na Katibu waandike nani alipiga nini na nani alitunga, wakati bado wapo wanaokumbuka. Kazi hii isicheleweshwe.

Ndugu wajumbe, naomba kuwasilisha.