Mipaka ya ardhi ya Ireland isichanganywe

Mhariri,

Wanaoandika kuhusu ardhi ya Ireland wasiishie kutaja kaunti. Chini yake kulikuwa na baroni, kisha parokia ya kiraia (eneo la utawala, si lazima lilingane na parokia ya kanisa), na mwisho taunilandi, kipande kidogo kuliko vyote. Taunilandi ni zaidi ya 60,000, na nyingi zina asili ya Kigaeli, kabla ya Waingereza kuitawala nchi nzima. Baroni zilikuwa 300 na ushee. Zilitumika kukadiria kodi hadi sheria ya mwaka 1898 ilipozinyang'anya kazi za utawala, kwa hiyo ni kosa kuziandika kana kwamba ni wilaya za leo.

Anayetafuta shamba kwenye kumbukumbu za Griffith (1847 hadi 1864), yaani ukadiriaji wa thamani ya ardhi na majengo kwa ajili ya kodi, aanze na jina la taunilandi, lakini asiliamini peke yake. Jina kama Kilmore linajirudia sehemu nyingi. Alioanishe na parokia, baroni na kaunti. Aangalie pia kwamba parokia moja yaweza kuvuka mpaka wa baroni, hata wa kaunti. Ndiyo maana familia "hupotea" kwenye orodha ilhali ipo ukurasa mwingine.

Kosa linaloniudhi zaidi ni la vipimo. Upimaji wa ardhi ya Ireland ulioongozwa na William Petty, wa miaka ya 1650, ulitumia ekari ya Ireland, ambayo ni ekari 1.62 za kawaida. Ekari 100 za Ireland ni takriban hekta 65.5, si 40.5 kama zingekuwa ekari za kawaida. Tafadhali wahariri wenu wahakiki hilo kabla ya kuchapisha jedwali lolote.

Msomaji wenu