Msiwafukuze wageni wa Ramadhani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu wa Lindi, aliyeandika kwamba mwezi wa Ramadhani miji ya pwani ya kusini haina cha kumpa mgeni, na kwamba wenye nyumba za wageni wangefanya vyema kuwaambia watalii waje baada ya Idi. Ameandika kwa adabu, nami nitamjibu kwa adabu, ila sikubaliani naye hata chembe. Na bahati mbaya hayuko peke yake. Hapa kwetu Mikindani nimemsikia kwa masikio yangu kijana wa mapokezi akiwaambia Wazungu wawili, mtu na mkewe, mabegi bado wameyabeba: "Mwezi huu hapa hakuna kitu, mji umelala, bora mwende Zanzibar." Zanzibar! Utadhani huko hawafungi.

Mimi ni muuza futari. Jioni za Ramadhani utanikuta barazani karibu na bahari na mkate wa kumimina, kaimati, sambusa za samaki na uji wa pilipili manga. Miezi mingine nauza vitumbua asubuhi. Utalii sijausomea. Lakini Ramadhani ya mwaka huu baadhi ya siku nilizifungia Moroko, kwenye mji wa pwani unaoitwa Essaouira, na safari hii mgeni alikuwa mimi.

Mwanangu wa mwisho anasoma Agadir. Tiketi kanikatia mkwe wangu, na asiulize mtu zaidi ya hapo. Kutoka Agadir tulipanda basi kuelekea kaskazini, mwendo wa kama saa tatu, huku na huku miti ya miiba wanayoiita argani, ambayo kokwa zake hukamuliwa mafuta. Essaouira ni mji wenye ngome pembeni mwa Bahari ya Atlantiki. Ulijengwa na Sultani Mohammed ben Abdallah miaka ya 1760, akamtumia fundi wa Kifaransa kuchora ramani, ndiyo maana vichochoro vyake vimenyooka kuliko vya miji mikongwe mingine ya huko. Tangu 2001 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba nyeupe, madirisha ya buluu, na mashua za wavuvi nazo buluu, zimesongamana bandarini mpaka unajiuliza ya katikati inatokaje.

Upepo wa pale, Mhariri, ni wa kuuogopa. Mwezi wa Februari huku kwetu ni jasho na mvua za kaskazi, kule ni baridi inayoingia mpaka kwenye meno. Mtandio wangu haukufua dafu. Ikabidi ninunuliwe jelaba, lile joho la sufu lenye kofia iliyochongoka, na nilipolivaa mwanangu akacheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nije kwenye hoja ya mwenzangu. Anasema mchana wa Ramadhani mji unakufa. Kuhusu mchana ana haki. Essaouira asubuhi maduka yalichelewa kufungua, migahawa mingi ilikuwa na viti vimepinduliwa juu ya meza, na wahudumu wa ile michache iliyofunguliwa walikaa wakipiga miayo. Sheria ya nchi ile inamwadhibu Mwislamu anayekula hadharani mchana wa Ramadhani bila udhuru. Mgeni asiye Mwislamu haguswi, chakula anapata, tena anawekewa meza ya ndani. Nilimwona binti mmoja wa Kizungu akiingia mlangoni mwa duka kunywa maji yake, akafunga chupa, akatoka. Hakuna aliyemwamrisha. Labda aliambiwa hotelini kwake, na hilo ndilo ninalolitaka hapa.

Lakini bandari haikulala. Mashua zilirudi na dagaa wao wakubwa, wale sadini, watu wakanadi, wengine wakakaa kwenye mawe wakishona nyavu na kinywa kimekauka kama cha mvuvi yeyote wa Shangani, Mtwara, mwezi huo. Watalii walisimama pale muda mrefu wakiangalia. Hakuna aliyewatoza, hakuna aliyewafukuza.

Kuna jambo moja la serikali yao lililonipendeza sana. Tangu 2018 saa za Moroko ziko mbele kwa saa moja mwaka mzima, lakini Ramadhani ikikaribia nchi nzima inarudisha saa nyuma, na mfungo ukiisha wanaipeleka mbele tena. Wenye mamlaka wamekaa wakajua kwamba mwezi huu watu wanaishi kwa mpangilio mwingine, wakaupangia. Na kwa kuwa ni majira ya baridi, mchana wao ni mfupi: nilifunga muda mfupi kuliko wenzangu wa Mikindani kwa zaidi ya nusu saa. Nilimpigia dada yangu kumtambia, akanijibu, "Basi na thawabu wamekukata."

Magharibi ndiyo niliyoifuata. Ikibaki kama nusu saa, watu wote wanatembea upesi, kila mmoja na mfuko. Foleni ndefu ilikuwa kwa mama mmoja anayeuza shebakia. Nilisimama pembeni nimtazame mikono, maana ndiyo kazi yangu. Unga umekandwa na ufuta na maji ya maua ya michungwa, umekatwa vipande vyenye mikato katikati. Anapitisha kidole kwenye mikato, anaukunja unga kwa ndani, linatoka ua, analitumbukiza kwenye mafuta, kutoka hapo moja kwa moja kwenye sufuria ya asali, kisha ufuta juu. Hakuinua macho hata mara moja, na chenji alitoa sawa. Nilizionja baadaye. Tamu kupita kiasi, kaimati zangu bado naziona bora, lakini yule mama namvulia kofia.

Kisha king'ora, adhana, na barabara ikabaki tupu kabisa, mimi na mwanangu na ndege wa baharini. Tulikuwa tumechelewa kurudi tulikofikia. Mwenye duka la visanduku vya mbao alikuwa ameketi sakafuni na vijana wake, akatuona, akasogeza mikeka bila kuuliza sisi nani. Tukapewa tende na maziwa, yai la kuchemsha la kuchovya kwenye chumvi na bizari nyembamba, na bakuli la harira. Hiyo ni supu yao ya kufuturia: nyanya, dengu, njegere kubwa zile za rangi ya maziwa, kotimiri kwa wingi, imefanywa nzito kwa unga mpaka inakaribia kuwa uji. Kwa baridi ile, kila funda la supu nililisikia likishuka. Lugha hatukuelewana, mwanangu akawa anatafsiri, na yule baba alipojua tunatoka upande wa Kilwa akamtaja Ibn Battuta kabla sijamtaja mimi. Msafiri huyo wa kale alizaliwa Tangier, mji wao, na mwaka 1331 alifika Kilwa akausifu uzuri wake kwenye simulizi za safari zake. Kilwa iko mkoa gani, ndugu yangu wa Lindi? Mkoani kwako.

Baada ya tarawehe mji ule ulifunguka upya. Taa kila kona, watoto wanakimbizana, akina mama wamekaa kwa makundi, chai ya mnanaa inamiminwa kutoka juu hadi povu linasimama. Wageni walewale waliokuwa hawana la kufanya saa sita mchana, saa nne usiku walikuwa wamo katikati ya watu, wananunua, wanauliza, wanacheka. Misikitini hawaingii, kwa sababu Moroko asiye Mwislamu haruhusiwi isipokuwa kwenye misikiti michache sana, na sikumwona aliyelalamika. Walikuwa na mji mzima wa kutembea.

Nakuuliza, Mhariri, Mikindani tumekosa nini? Ghuba tunayo. Nyumba za mawe zenye milango ya nakshi tunazo, japo nyingine zinaanguka. Boma la Wajerumani la 1895 lipo. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho, 1866. Wareno walijenga ngome Kilwa 1505 na Essaouira 1506, na kote kuwili hawakumaliza miaka kumi. Na futari yetu je? Mihogo ya nazi, magimbi, mbaazi, pweza, tambi, na ukibahatika ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, ambayo hata Dar es Salaam kuipata ni shughuli. Mgeni anaambiwa hakuna kitu!

Tulichokosa ni taa. Tukitoka tarawehe pwani ni giza totoro. Kuna mwaka tuliamua wauzaji tubaki na meza zetu mpaka usiku, tukaambiwa ikifika saa tatu tuwe tumeondoka, kwa ajili ya usalama. Usalama gani unaoletwa na giza? Gesi inachimbwa Msimbati, jirani zetu, bomba limefika Dar es Salaam tangu 2015, na sisi wa huku tunauza kaimati kwa tochi ya simu.

Najua wapo wazee watakaosema wageni watakuja nusu uchi kutuharibia funga. Hapo nikiri Essaouira baridi iliwasaidia, kila mtu alivaa koti mpaka shingoni. Huku Februari ni joto na kaptura zitakuwepo. Basi aambiwe mapema, kwa upole, na akikosa cha kujifunika kanga zinauzwa sokoni, tutafurahi kumuuzia. Suala la chakula cha mchana nalo lisikuzwe. Mtwara Wakristo na Waislamu tunaishi nyumba moja, na mama lishe wetu mwezi huo hushusha turubai, anayekula anakula ndani, anayefunga anapita zake. Utaratibu huo tunao siku zote, haujamshinda mtu.

Kwa hiyo yule kijana wa mapokezi abadilishe maneno. Awaambie: mchana pumzikeni, au nendeni Msimbati mkaoge, magharibi muwe barazani mle na watu, baada ya tarawehe tembeeni. Anayetaka kuamka na daku agongewe mlango. Maneno hayo hayana gharama.

Ramadhani ijayo, mwezi ukiandama, ni Februari 2027, kwa hiyo muda upo. Kutoka msikitini hadi ufukweni nguzo za umeme zipo, hazina taa tu. Wauza futari tumekubaliana kuchanga fedha za luku kwa mwezi ule wote, na vijana wawili wamejitolea kufagia kila usiku tukimaliza. Anayehusika asisubiri tumwandikie barua ya ofisini. Aje Mikindani jioni yoyote, aulizie mama wa mkate wa kumimina, nitamtembeza nguzo moja baada ya nyingine.

Wako msomaji,
Muuza futari,
Mikindani, Mtwara